Rasi ya San Lucas na Bei ya Samaki Aliye Hai

Upande wa magharibi wa nchi ya Meksiko kuna ulimi wa ardhi, mwembamba na mkavu, uitwao Baja California. Urefu wake wapata kilomita 1,200, na pande zake mbili zapakana na maji: magharibi ni Bahari ya Pasifiki, na mashariki ni Ghuba ya California, ambayo wengi huiita Bahari ya Cortés. Ulimi huu waishia kusini katika Rasi ya San Lucas, mahali penye mwamba mkubwa uliotobolewa na mawimbi hata ukawa mfano wa mlango. Hapo maji baridi ya Pasifiki hukutana na maji ya vuguvugu ya ghuba, na sakafu ya bahari huanguka ghafla karibu sana na pwani. Dagaa na samaki wadogo wa kila namna hukusanyika katika makutano hayo, na wakubwa huwafuata.

Mkubwa mwenye sifa kuliko wote ni yule mwenye pua ndefu kama mkuki, aitwaye marlin na wageni, ambaye wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki humhesabu katika jamii ya nduaro na sulisuli. Kwa ajili yake mji mzima umeinuka jangwani. Mamia ya mashua za kukodi hukaa bandarini zikingojea watu waliotoka mbali kuja kuvua, si kwa njaa wala kwa biashara, bali kwa mchezo. Jambo hili huonekana kama upuuzi wa matajiri, na pengine limo ndani yake kiasi cha upuuzi. Walakini historia ya rasi yaonyesha kwamba mchezo huo ulizuka baada ya kazi mbili za bahari kufa, nao umelazimika kujibu swali ambalo kazi hizo zilishindwa kulijibu: vipi watu waweza kula kwa bahari pasipo kuimaliza?

Wenyeji wa kwanza wanaojulikana mahali hapo ni Wapericú. Walivua kwa vyelezo vya magogo, wakatumia machusa na nyavu, na kula chaza na kasa. Mwaka 1533 baharia mwasi Fortún Jiménez alifika katika ghuba ya La Paz, kaskazini ya rasi, akauawa na wenyeji pamoja na wenzake kadha. Waliosalimika walirudi na habari za lulu. Habari hizo zilimvuta Hernán Cortés mwenyewe, naye akatia nanga huko mwezi wa Mei, 1535. Makazi yake hayakudumu, kwa kuwa nchi haikuwa na chakula cha kuwatosha wageni, lakini jina la lulu halikusahauliwa.

Baadaye merikebu za Wahispania zilizotoka Manila na shehena za hariri na bidhaa za Asia zilizoea kupita karibu na rasi hii baada ya miezi ya safari. Aliyejua hayo vizuri ni Mwingereza Thomas Cavendish. Mwezi wa Novemba, 1587, aliivizia merikebu Santa Ana karibu na San Lucas, akaiteka na kuichoma. Mapadri wa Kijesuti nao walikuja, wakaanzisha misheni ya San José del Cabo mwaka 1730. Wapericú waliasi mwaka 1734, na padri Nicolás Tamaral akauawa. Vita na hasa maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwamaliza Wapericú hata, kabla ya karne ya 18 kwisha, lugha yao ikawa karibu kutoweka. Watu waliokalia rasi baada yao walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mabaharia walioacha merikebu zao, na wachimbaji wa madini. Hao ndio mababu wa manahodha wa leo.

Kazi kubwa ya kwanza ya bahari katika sehemu hizo ilikuwa lulu, na mji wake ulikuwa La Paz. Kwa karne nyingi wazamiaji walishuka kwa pumzi zao tu, na kina cha maji kilikuwa kama sheria: chaza waliokaa chini mno walisalimika, wakazaa, na watoto wao wakajaza miamba ya juu. Mwaka 1874 yakaletwa mavazi ya kuzamia yenye kofia ya chuma na mpira wa hewa. Tangu hapo kina hakikuwa tena kinga. Mtu aliweza kukaa chini kwa saa nyingi na kukomba mwamba mzima, na akiba ambayo bahari ilijiwekea ikafikiwa.

Yupo mmoja aliyeona hatari hiyo mapema. Gastón Vives alianzisha mwaka 1903 kampuni ya kulea chaza katika kisiwa cha Espíritu Santo, mbele ya La Paz. Alijenga mabwawa na mifereji ya mawe ambamo chaza wadogo walilindwa hata wakapata nguvu ya kupandwa baharini. Hilo lilikuwa shamba kubwa la chaza wa lulu kabla dunia haijazoea jambo kama hilo. Lakini Vives alikuwa pia mtu wa utawala wa zamani, mwenye ruhusa ambazo wengine walinyimwa, na Mapinduzi ya Meksiko yalipofika La Paz mwaka 1914 shamba lake liliharibiwa. Wazamiaji wakabaki na miamba ya porini tu, na kuelekea mwaka 1940 miamba hiyo ilikuwa imekwisha kiasi cha serikali kupiga marufuku uvuaji wa lulu. Mafunzo ya Vives ni mawili, na yote mawili yatarudi katika habari hii: kwamba bahari yaweza kuleleka, na kwamba ulezi unaowanufaisha wachache huchukiwa na wengi.

Kazi ya pili ilikuwa jodari. Mwaka 1917 kiwanda cha kutia samaki makoponi, kilichojengwa juu ya chombo, kilivutwa kutoka San Diego hadi San Lucas, na katika miaka ya 1920 kiwanda kingine kikajengwa ufukweni. Kijiji chote kilimfuata jodari: alipokuja palikuwa na mshahara, alipokawia palikuwa na deni.

Mwezi wa Machi, 1940, mwandishi John Steinbeck na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya bahari, walipita hapo katika chombo kiitwacho Western Flyer. Walikuwa katika safari ya wiki sita ya kukusanya wanyama wa pwani, na kitabu chao kilitoka mwaka 1941. Walikikuta San Lucas kijiji maskini chenye gati na kiwanda. Karibu na Guaymas, upande wa pili wa ghuba, waliona kundi la meli za Kijapani zikikokota nyavu chini ya bahari kwa ajili ya kamba, na samaki wengine wote waliopanda wakitupwa wamekufa. Huko La Paz Steinbeck alisikia kisa cha kijana na lulu, ambacho alikitoa kuwa kitabu mwaka 1947. Hivyo safari moja iliona pamoja kaburi la kazi ya zamani na mwanzo wa uharibifu mpya.

Wavuvi wa mchezo walikwisha kuonekana kabla ya hapo. Mmarekani Zane Grey, mtungaji wa hadithi za magharibi ya nchi yake, alivua karibu na rasi katika safari yake kubwa ya bahari ya kusini na kuitaja katika kitabu alichokitoa mwaka 1925. Lakini watu wa namna yake walikuja na merikebu zao wenyewe, wakaondoka bila kuwaachia wenyeji kitu ila hadithi. Kilichobadili mambo ni eropleni. Baada ya Vita Kuu ya Pili palikuwa na marubani wengi na eropleni ndogo nyingi, na jangwa lilikuwa tambarare ya kutosha kutuliwa. Mwaka 1950 mtoto wa Abelardo L. Rodríguez, aliyekuwa rais wa Meksiko kutoka 1932 hadi 1934, alifungua nyumba ya wageni pa Las Cruces, mashariki ya La Paz. Na mwaka 1956 hoteli ya Palmilla ilifunguliwa karibu na San José del Cabo. Bing Crosby, mwimbaji maarufu, alikuwa mmoja wa waliopapenda.

Barabara ya lami haikuwapo, wala simu ya uhakika. Wageni walishuka kutoka angani, na kila kilicholiwa au kutumiwa hotelini kilikuja kwa chombo au kwa eropleni. Lakini jambo moja halikuweza kuletwa kutoka California, nalo ni maarifa ya maji yale. Hoteli zilihitaji watu waliojua mkondo hugeuka lini, na ni ndege gani wa bahari akipiga duara huonyesha samaki na yupi hudanganya. Watu hao walikuwa wavuvi na wafugaji wa pwani, ambao wengi wao walikuwa wakivua kwa mitumbwi ya mti mmoja na mshipi wa mkono. Wakapewa mashua, wakawa manahodha. Watoto wao wakawa mabaharia wa tezi, na wajukuu wengi wamo katika kazi hiyo hata leo.

Yafaa kuieleza kazi yenyewe, maana ndani yake mna elimu isiyoandikwa. Kabla ya jua kuchomoza, wauza chambo hukaa na vyombo vyao karibu na mdomo wa bandari, na kila mashua inayotoka hupunguza mwendo ili kununua samaki wadogo walio hai. Nahodha huamua aelekee Pasifiki au ghuba, na uamuzi huo hutegemea upepo wa jana, rangi ya maji na habari alizozipata kwa wenzake. Wakifika, chambo cha bandia huburuzwa nyuma ya mashua. Nduaro anapotokea, aghalabu mkia wake huonekana juu ya maji kama mundu, na baharia humtupia chambo hai mbele ya pua yake. Mgeni amekalia kiti kilichofungwa sakafuni, ameshika ufito na kijigurudumu cha mshipi; lakini pigano lenyewe huongozwa na wawili wasiopigwa picha. Nahodha huirudisha mashua kinyumenyume kumfuata samaki, na baharia hushika mshipi wa mwisho kwa mikono yenye glavu. Akikosea kidogo, mshipi waweza kumvuta baharini.

Habari za pwani hii zilienea kwa maandishi. Ray Cannon, aliyekuwa mwigizaji na mwongozaji wa filamu kule Hollywood, aliiacha kazi hiyo akawa mwandishi wa habari za uvuvi. Kitabu chake juu ya Bahari ya Cortés cha mwaka 1966 kiliwavuta wasomaji wengi wa Marekani. Mwaka 1973 barabara kuu ilikamilika kutoka Tijuana, mpakani mwa Marekani, hadi San Lucas, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi. Mwaka 1974 Baja California ya Kusini ikawa jimbo kamili, na serikali ikaichagua rasi kuwa mahali pa kukuza utalii. Kijiji kilichokuwa na watu mamia machache baada ya vita kilihesabiwa mwaka 2020 kuwa na watu 202,694.

Hapa ndipo swali la zamani liliporudi. Katika miaka ya 1960 meli za Kijapani zilifika mashariki ya Pasifiki na mishipi mirefu, yaani kamba moja ya makumi ya kilomita yenye maelfu ya ndoana, nazo zikawavua nduaro kwa wingi karibu na Baja California. Manahodha wa San Lucas walikuwa katika hali ya wazamiaji wa La Paz mbele ya kofia ya chuma: chombo kipya kimefikia akiba ambayo mkono haukuweza kuifikia. Mwaka 1976 Meksiko ilitangaza haki yake ya uchumi wa bahari mpaka maili 200 kutoka pwani, ikapata uwezo wa kuzizuia meli za kigeni. Sheria za uvuvi zikaenda mbali zaidi. Katika ukanda wa maili 50 za bahari, samaki wa namna kadha wametengwa kwa uvuvi wa mchezo peke yake: nduaro, sulisuli, samaki-upanga, fulusi, samaki aitwaye jogoo kwa sababu ya shungi lake la mgongoni, na sábalo. Sheria ya mwaka 2007 imelithibitisha jambo hilo. Kanuni nazo zampa kila mvuvi wa mchezo mpaka wake: samaki wasiozidi 10 kwa siku, wala wasizidi watano wa aina moja, nduaro ni mmoja tu, na samaki aliyevuliwa kwa mchezo ni haramu kuuzwa.

Hoja ya sheria hiyo ni ya hesabu. Nduaro aliyekufa huuzwa kwa uzito mara moja, hadithi yake ikaisha sokoni. Nduaro aliye hai huleta mgeni wa kukodi mashua, kulala hotelini na kutoa bakshishi. Naye akiachiliwa, aweza kumleta mgeni mwingine. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya jumuiya ya kuhifadhi samaki hawa ulikisia kwamba mwaka 2007 watu zaidi ya 350,000 walivua kwa mchezo katika wilaya ya Los Cabos, wakitumia dola zaidi ya milioni 630. Kwa hiyo desturi ya kumrudisha nduaro majini ilikua, na mashua inayorejea na bendera ya samaki aliyeachiliwa haioni haya mbele ya ile iliyoleta mzoga.

Lakini hesabu si haki yote, na hapa somo la pili la Vives lajitokeza. Mvuvi mwenye mashua ndogo, anayeitegemea kulisha watoto wake, humwona fulusi akipita mbele yake kwa makundi, naye hana ruhusa ya kumpeleka sokoni. Mgeni aliyefika jana anayo ruhusa ya kumvua. Fulusi hukua upesi na kuzaa sana, husema wavuvi hao, mbona afungiwe kama nduaro? Mara kwa mara mapendekezo ya kumtoa katika orodha yamefika bungeni, na mara kwa mara wenye mashua za kukodi wamepinga, wakisema kwamba ndoana inayotafuta fulusi haimchagui samaki, na mlango ukifunguliwa kwa mmoja watapita wote. Ubishi kama huo ulizuka mwaka 2007 kwa kanuni ya uvuvi wa papa, ambayo iliruhusu mishipi mirefu kufanya kazi ndani ya maili zile 50. Pande zote mbili zina watu wa pwani ile ile, na pengine wa ukoo mmoja.

Mchezo nao una migongano yake. Mwaka 1981 yalianzishwa mashindano ya Bisbee, ambayo zawadi zake zimepanda hadi mamilioni ya dola. Mshindi ni lazima alete gatini nduaro wa ratili 300 au zaidi, amening'inizwa mbele ya umati. Wenye mashindano husema kwamba kiwango hicho huwaokoa wadogo wote, na ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nduaro wa uzito huo aghalabu ni majike, wazazi wa kizazi kijacho. Tena si kila anayeachiliwa huishi, hasa akiwa amepiganwa kwa muda mrefu.

Jibu kali zaidi lilitolewa na kijiji kidogo cha Cabo Pulmo, mashariki ya rasi, penye mwamba wa matumbawe. Watu wake, ambao miongoni mwao wamo wazao wa wazamiaji wa lulu, waliona chewa na kolekole wakipungua, wakaamua kuacha kuvua kabisa. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa ya hekta 7,111, nao wakaanza kuishi kwa kuwapeleka wageni kuzamia na kutazama. Wataalamu walipima mwaka 1999, wakapima tena mwaka 2009: uzito wa samaki ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 463. Miaka michache baadaye mradi mkubwa wa mahoteli ulipotaka kujengwa karibu na mwamba huo, kelele za wanakijiji na marafiki zao zilifika mbali hata rais wa nchi akatangaza kuufuta, mwezi wa Juni, 2012. Wenye mashua za kukodi hawakulazimika kuiga mfano huo wote, lakini hakuna aliyeweza kusema tena kwamba bahari iliyochoka haiponi.

Usiku wa tarehe 14 Septemba, 2014, kimbunga Odile kiliipiga rasi. Mahoteli yalivunjwa, kiwanja cha ndege kiliharibika, mashua zilizama au kutupwa juu ya nchi kavu, na watalii kwa maelfu walihamishwa kwa ndege. Wenyeji walibaki gizani wakitafuta maji. Ilidhaniwa kwamba msimu umekwisha. Lakini katika mwezi wa Oktoba mashua zilizopona zilikuwa zimerudi majini, na mashindano yakafanyika. Mabawabu, wapishi, mafundi wa injini, wauza chambo na mabaharia waliihitaji siku hiyo kuliko wale waliokuja kushinda. Jambo hilo ladhihirisha jinsi mji wote ulivyofungwa katika mshipi mmoja.

Rasi ya San Lucas imekwisha kuiona lulu ikitoweka, na kiwanda cha makopo kikiwa magofu. Kazi ya tatu imedumu kwa sababu imekubali mpaka: mpaka wa maili, mpaka wa idadi, na mkono wa baharia unaoitoa ndoana na kumrudisha samaki majini. Bado haijathibitika kama mpaka huo utashinda tamaa ya wenye fedha na dhiki ya wasio nazo. Wazamiaji wa zamani walilindiwa chaza wao na kina cha maji, pasipo kujua. Kina hicho kilipofikiwa, hapakuwa na kinga nyingine. Nduaro hana tena kina cha kujifichia. Kinga yake ni makubaliano ya wanadamu, nayo hudumu kadiri wale wanaoyatii wanavyopata fungu lao.